Harusi za Barabara ya Makutano

Palikuwa na nchi, na naapa kwa ugali nilioushiba mchana wa leo kwamba si hii yetu, iliyoitwa Jamhuri ya Pomoni. Mtu asinitafute nyumbani. Nchi yenyewe iko mbali, mabasi hayafiki, na watu wake wana macho, pua na mawifi kama sisi, lakini si sisi. Ukisikia jambo linafanana na la kwenu, basi kosa ni la kwenu kwa kufanana.

Siku moja Rais wa Pomoni alikuwa njiani kwenda kufungua choo cha shule. Kiti cha nyuma kilikuwa kimewekwa keki ya sherehe, na keki ya Rais haibanwi, kwa hiyo Mtukufu akakaa mbele, mahali ambapo hakuwa amekaa tangu aapishwe. Macho yakamwangukia kwenye dashibodi. Akaona kimshale chekundu kimelala chini kabisa.

"Hiki nini?"

"Mshale wa mafuta, Mtukufu," dereva akajibu.

"Mbona umelala?"

Dereva, maskini wa Mungu, alikuwa amelelewa na bibi yake kusema kweli. Akasema mafuta yamekaribia kwisha. Dereva huyo hajaonekana tena, na mimi sijamuulizia.

Jioni ile Rais akalihutubia taifa. "Ndugu wananchi," alisema, na sauti ilikuwa imejaa kamasi za uchungu, "tumejenga, tumepanda, tumefungua vyoo. Lakini ndani ya kila gari la nchi hii kuna kidole chekundu kinachomwambia mwananchi, asubuhi na jioni, kwamba nchi yake imekwisha! Nani alikiweka kidole hicho? Sisi hatukukiweka! Kilikuja na meli! Kuanzia leo mshale wa Pomoni utatazama juu, kwa sababu Pomoni inatazama juu!" Watu wakapiga makofi. Wenye magari walipiga zaidi, maana ndio waliokuwa wakitazamwa.

Ndivyo ilivyozaliwa Wizara ya Mishale, chini ya Mheshimiwa Dakta Mapande, ambaye udaktari wake alitunukiwa kwa kumsikiliza Rais bila kusinzia.

*

Bwana Shaweji Makungu alikuwa Mkaguzi wa Mishale wa Wilaya ya Kizingiti. Kazi yake haikuwa ngumu. Gari likiletwa, alifungua kioo cha dashibodi, akausukuma mshale mpaka juu kabisa pale penye kujaa, akaufunga kwa waya mwembamba, kisha akapiga lakiri, muhuri wa madini ya risasi wenye namba yake, ili serikali ijue nani ameshuhudia. Ile taa ndogo ya manjano inayowaka mafuta yakipungua aliibandikia picha ya Rais akicheka. Hapo wizara ilipata aibu kidogo. Mafuta yakikaribia kwisha taa iliwaka kwa nyuma, meno ya Rais yakang'aa, na wananchi wakaanza kuambizana, "Kaka, Rais wako anacheka, wahi nyumbani." Picha zikabanduliwa upesi, zikaletwa nyingine za karatasi nene, Rais kafumba mdomo.

Shaweji hakuwa mtu mbaya. Nalisema mapema, kwa sababu najua wapo watakaotaka awe mbaya ili wao walale usingizi. Alikuwa mpole, anasalimia wazee, hapigi mtu, hali rushwa ila akipewa. Tatizo lake lilikuwa moja tu: aliamini. Alikuwa amefunga mishale mingi hata mshale ulio huru ulimtia kichefuchefu, na jioni akikaa barazani alihisi kweli kwamba ameijaza nchi.

Sasa sikiliza utaratibu, maana Pomoni ni nchi ya utaratibu. Katika vituo vya mafuta palibandikwa amri: GARI LILILOJAA HALIJAZWI. Ukifika pale, mhudumu anachungulia dashibodi. "Mshale wako uko juu, bwana. Unataka mafuta ya nini? Uyamwage?" Ukimwambia mshale umefungwa, basi umeitukana lakiri. Ukiufungua ushuke, umefanya kosa la kuudhalilisha mshale, na kosa hilo halina dhamana. Haya, foleni zote zikatoweka. Vituo vikawa kimya, wahudumu wakalala kwenye vivuli, paka wakazalia juu ya pampu. Dakta Mapande akatangaza kwamba Pomoni ndiyo nchi pekee ulimwenguni isiyo na foleni ya mafuta, na hapo, wallahi, hakusema uongo.

Watu waliishi. Watu huishi, we acha tu. Walinunua mafuta kwa madumu, uani kwa watu, kwa kunong'ona, wakiyabeba chini ya mchicha. Shida ilikuwa kujua yamebaki kiasi gani. Walitumbukiza vijiti kwenye tanki. Vijiti vikapigwa marufuku, kwa kuwa ni kupekua siri za taifa. Wakawa wanalitikisa gari na kutega sikio kusikia kama mafuta yanacheza ndani; ikatungwa Sheria ya Utulivu wa Magari, na mzee mmoja alifungwa kwa kuegemea gari lake mwenyewe kwa nia mbaya. Zamani wasiwasi ulikuwa na pa kuanzia: umeona mshale unakaribia chini, roho inaanza kudunda. Sasa wasiwasi ulianza pale unapowasha gari, na haukuwa na mwisho. Madereva wa Pomoni walizeeka haraka, shingo zikiwa zimepinda upande wa tanki.

Mke wa Shaweji, Sikudhani, alikuwa na kipimo chake. Alikuwa na nyonga, mashallah, na kila akipita ubavuni mwa gari la mumewe alilipiga nyonga kana kwamba njia ni finyu, kisha akasimama kidogo kurekebisha kanga.

"Leo jepesi hilo," alisema.

"Mshale uko juu," Shaweji alimjibu.

"Uko juu kwa sababu umeufunga. Hata mimi ukinifunga darini nitakuwa juu."

"Mwanamke, maneno hayo yaishie humu ndani."

"Humu ndani ndimo yanamoishia, mume wangu. Ndiyo maana nimenenepa."

*

Mwaka ule ndoa zilizidi Pomoni. Hilo Shaweji aliliona kwa macho yake mawili. Kwenye barabara ya Makutano, iliko hospitali kubwa ya wilaya, hakupita siku bila kukutana na msafara wa harusi. Gari limefunikwa kanga, linakwenda taratibu kabisa, watu wamelizunguka wameliwekea mikono pande zote kwa mapenzi, ngoma mbele, vigelegele nyuma, jasho linawatiririka kwa furaha. Shaweji aliteremka kila mara. Alicheza kidogo, akampongeza bwana harusi, akawaombea wazae mapacha. Alishangaa tu kwamba mabwana harusi wengi walikuwa wazee, na mmoja alikuwa padri.

Siku moja alikuta lori la saruji linasindikizwa.

"Bibi harusi yuko wapi?" aliuliza.

Watu wakatazamana. Mwanamke mmoja mnene, muuza mihogo ya kukaanga anayeitwa Bi Kidawa, akajibu bila kupepesa, "Yuko huko nyuma kwenye mifuko, Bwana Mkaguzi. Anaogopa jua."

"Ni vizuri," Shaweji alisema. "Wasichana wa siku hizi hawajali ngozi."

Akapeleka taarifa wizarani kwamba kutokana na mafuta kujaa, wananchi wamepata utulivu wa kuoana. Waziri akaipeleka kwa Rais, Rais akaifurahia, na tangu hapo kila hotuba ikawa na kipande cha harusi. Shaweji alipomsimulia mkewe habari ya bibi harusi wa kwenye saruji, Sikudhani alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akamtazama kwa huruma. Hakumwambia kitu. Yapo mambo ambayo mke hamwambii mume mwenye lakiri mfukoni, maana siri si yake peke yake.

*

Sasa mambo ya kucheka yanapungua, kwa hiyo aliyekuja kucheka ajipime.

Sikudhani na Shaweji walikuwa wamekaa miaka mingi bila mtoto. Dawa za mizizi zilinywewa, vidonge vilimezwa, na maneno ya mawifi yalivumiliwa, ambayo ni machungu kuliko mizizi. Kisha Mungu akajibu. Mimba ikaingia, ikakaa, ikafika mwezi wa nane. Shaweji alikuwa akishika tumbo la mkewe kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, na mtoto alikuwa akimpiga teke, na yeye akitoka nje anatabasamu peke yake.

Asubuhi moja mtoto hakupiga teke. Sikudhani aliamka akakuta damu. Wakaita mkunga wa zahanati, naye alipoinua shuka hakutia neno la kupamba. "Kondo la nyuma limeachia," alisema. "Mpelekeni Makutano sasa hivi, yupo daktari wa kupasua. Akiwahi, atapona yeye na mwanawe. Asipowahi, mimi sisemi."

Shaweji alimbeba mkewe mwenyewe mpaka garini. Mama mkwe wake, Bi Mashavu, aliingia nyuma akakipakata kichwa cha binti yake, na kanga za kisutu zikatandikwa chini, maana nyekundu haionyeshi damu na mgonjwa hatishiki. Gari lilikuwa la serikali. Kila mwezi lori la wizara lilikuja kulijaza, na mwezi ule pia lilikuja. Mtu wa lori, safari hii mpya kazini na mtiifu wa amri, alichungulia dashibodi, akakuta mshale uko juu, akampa Shaweji mkono wa pongezi na kuondoka bila kutia tone.

Wakaondoka kwa kasi. Barabara ilikuwa nyeupe, jua limeshapanda. Shaweji aliutazama mshale: umejaa. Akatazama barabara. Akautazama tena: umejaa. Hapo ndipo, kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, mshale uliojaa ulimtisha, kwa sababu alijua ni nani aliyeujaza. Akaanza kusikiliza injini kama watu wote wa Pomoni, shingo upande.

"Mafuta yapo, baba?" Bi Mashavu aliuliza.

"Yamejaa, mama."

Sikudhani alikuwa amefumba macho. "Muulize tangu lini," alisema.

Hawakuwa wamefika mbali. Kwenye kilima cha kwa Bi Kidawa gari lilikohoa, likajivuta, likakohoa tena, likazimika. Shaweji akapiga ufunguo. Likalia kidogo bila kuwaka. Akapiga tena, na tena, akiuangalia mshale uliosimama palepale juu, imara, na lakiri yake inang'aa. Hata wakati huo, Mungu amsamehe, sehemu moja ya moyo wake iliona labda plagi ndiyo mbovu.

*

Watu walitoka vibandani. Walipoona gari ni la nani, wakasimama kwa mbali, mikono nyuma, na adabu nyingi usoni. Bi Kidawa alikuja mbele akifuta mafuta ya mihogo kwenye upande wa kanga.

"Shikamoo, Bwana Mkaguzi. Umepumzika?"

"Nisaidieni kulisukuma gari."

"Kulisukuma!" Bi Kidawa akarudi hatua moja. "Sisi tusukume gari lililojaa? Gari hilo limejaa, Bwana Mkaguzi. Nauona mshale kutoka hapa. Sisi watu wadogo tutafungwa."

"Mke wangu anatokwa na damu!"

"Tunampa pole sana bibi. Lakini gari limejaa."

Wote wakakubali kwamba limejaa. Walimwogopa, mnielewe. Nyuso hizo zilikuwa na ndugu waliofungwa kwa vijiti na kwa kuegemea. Nani angejua kama huu si mtego, mkaguzi kujilaza barabarani na mwanamke ili aone nani atatamka neno?

"Semeni mnataka nini," Shaweji alisema.

Bi Kidawa akamsogelea, akasema polepole, "Mficha uchi hazai, Bwana Mkaguzi. Liseme wewe kwanza."

Shaweji alifungua mdomo. Neno lenyewe alikuwa hajalitamka tangu aapishwe kazini, na lilitoka kama mfupa. "Limekwisha," akasema. "Halina kitu. Ni tupu. Kidawa, ni tupu kabisa, nisaidie."

Bi Kidawa alimwangalia kidogo. Kisha akageuka akapiga makofi mara moja. "Jamani! Kuna harusi!"

Loo! Ungeona. Kabla Shaweji hajafuta machozi, ngoma ilikuwa imetoka chini ya meza ya mihogo. Kanga zilirushwa juu ya gari, maua ya mharita yakachomekwa kwenye vioo, wanaume wakashika nyuma, wanawake ubavuni, kila mtu anajua pake. Mtu alimfunga Shaweji kilemba. Mwingine alimnong'oneza Bi Mashavu, "Mama wa bibi harusi halii, mama. Piga vigelegele." Ndipo Shaweji alipozielewa harusi zote. Alimwelewa padri. Akalielewa lori la saruji. Alikuwa ameyacheza mazishi ya mafuta ya nchi nzima na kuyaandikia taarifa ya pongezi, na watu hawa walikuwa wakimtazama anavyokata kiuno.

Gari likaanza kusogea.

*

Waliimba wimbo wao wa barabarani, ambao mdundo wake ni wa kusukuma: kwenye kila neno la mwisho watu wote wanaegemea. *Twende naye, twende. Kwao si mbali, twende.* Kilima kikapandwa. Baada ya kilima kukawa na tambarare, na watu wa vibanda vya mbele wakaja kupokea zamu bila kuulizwa, maana kila kijiji cha barabara ile kilikuwa na kipande chake. Shaweji alisukuma kwenye dirisha la nyuma, uso wake karibu na uso wa mkewe.

Sikudhani alifumbua macho akakiona kilemba. "Unanioa tena?"

"Nakuoa tena."

"Mara hii unijali." Akatabasamu, midomo imeshapauka. Kisha akasema, "Ukate ule waya. Nataka niuone mshale unavyoanguka."

"Tukifika," Shaweji akasema. "Mbele kuna kizuizi cha polisi. Tukifika, nitaukata mbele yako."

"Haya," alisema Sikudhani. "Tukifika."

Mabati ya hospitali ya Makutano yalikuwa yameanza kuonekana pale walipofika kwenye kizuizi. Msimamizi wa pale, Sajini Mchomvu, alizijua harusi vizuri sana. Wiki iliyopita yeye mwenyewe alikuwa ameiozesha pikipiki ya kituo. Siku nyingine angeinua ufito na kusema mabruki. Leo alikuja mbio, kofia mkononi.

"Si leo! Rudini! Waziri yuko njiani!"

"Afande, mgonjwa," Shaweji alisema.

"Namwona! Unafikiri simwoni? Nitafanya nini mimi?"

Hakukuwa na pa kurudi. Msafara wa Dakta Mapande ulikuwa umeshatokea upande wa hospitali, magari meusi yanayong'aa, taa zinawaka mchana. Yakasimama. Mheshimiwa akateremka, mfupi, mwenye tumbo na fimbo, na injini ya gari lake ikaachwa inanguruma ili ubaridi wa ndani usipotee.

"Harusi!" Waziri alipiga kelele kwa furaha. "Nyingine! Niliwaambia nini? Niliwaambia nini?" Wasaidizi wake wakasema ndiyo, aliwaambia. Kamera ikatolewa. Ngoma ikanyamaza, watu wakasimama wima, na Mheshimiwa akapanda kwenye jiwe la kando ya barabara.

Alihutubia. Alisema kuna nchi ambazo vijana hawaoi kwa sababu wanatazama mishale yao na kukata tamaa. Alisema ndoa ni tanki na mapenzi ni mafuta. Alieleza historia ya choo cha shule, tangu msingi. Alisema maadui wa Pomoni wanapita vijijini wakinong'ona kwamba kujaa si kujaa, na akawataka wananchi wawafichue maadui hao bila kujali ni mama au baba. Jua likawa kichwani. Bi Mashavu alikuwa ndani ya gari, kaweka viganja viwili kwenye mashavu ya binti yake, na midomo yake ilikuwa inasoma dua. Na wakati wote huo, hatua chache kutoka alipokuwa Shaweji, injini ya Waziri ilinguruma polepole, ikiunguza mafuta kwa ajili ya viti vitupu.

Shaweji alizihesabu nyuso za watu waliomzunguka. Bi Kidawa. Wapiga ngoma. Vijana wenye viganja vilivyochubuka. Akisema, wote watapelekwa ndani. Asiposema, basi. Alisikia sauti ikisema na akatambua ni yake.

"Mheshimiwa, gari halina mafuta. Mke wangu anakufa. Naomba gari lako limfikishe pale tu, hospitali ile pale."

Watu wakatazama vidole vya miguu yao. Sajini Mchomvu alifumba macho.

Waziri aliteremka jiweni. Hakukasirika, angekasirika ingekuwa nafuu. Alikwenda mpaka kwenye dirisha la dereva, akaingiza kichwa, akauangalia mshale. Akaigusa lakiri kwa ncha ya fimbo.

"Mshale umejaa," alisema. "Lakiri ni nzima. Nani aliyeipiga?"

"Mimi."

"Wewe ni Mkaguzi?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Basi nisaidie. Umeshuhudia kwa lakiri ya Jamhuri kwamba gari hili limejaa. Sasa unashuhudia kwa mdomo kwamba ni tupu. Nimwamini nani, Mkaguzi wangu au bwana harusi?" Akawageukia watu, akakonyeza. "Mabwana harusi wote hupagawa siku ya kwanza! Hata mimi nilisahau jina la baba yangu!"

Wasaidizi wakacheka. Polisi wakacheka. Watu wa Bi Kidawa nao wakacheka, maana fimbo ya Mheshimiwa ilikuwa inapita usoni kwa mmoja mmoja ikingoja. Shaweji alipiga magoti, akasema "Wallahi, Mheshimiwa, nimedanganya, nimedanganya magari yote," na kadiri alivyosema ndivyo kicheko kilivyoongezeka, mpaka msaidizi mmoja akamwinua na kumpangusa vumbi kwa upole.

"Tusiwacheleweshe," alisema Waziri. "Zawadi!"

Ikaletwa kanga mpya, yenye picha yake mwenyewe na maneno TUMEJAA NA TUTAZIDI. Mheshimiwa akaiingiza kwenye dirisha la nyuma, kamera ikimfuata, akaiweka kwenye mkono wa bibi harusi. Mkono haukuishika. Ukateleza kutoka kwenye paja, ukaning'inia.

Sikudhani alikuwa ameshakufa. Alikufa katikati ya hotuba, karibu na pale penye habari za choo, na mtoto wake naye alikuwa ndani yake.

"Bibi harusi ana haya," Waziri akasema, ameridhika. "Hayo ndiyo malezi. Hongera sana, mama."

Bi Mashavu alimtazama Waziri. Akawatazama polisi, kisha akawatazama wale watu waliomsukuma mwanawe kwa viganja vyao mpaka pale, wamesimama juani, wanamtazama yeye. Aliivuta kanga ya Waziri, akamfunika binti yake mpaka kidevuni. Akafungua mdomo, ulimi ukakataa, akaulazimisha. Akapiga vigelegele.

Watu wote wakaitika. Wangefanya nini? Waliitika mpaka magari meusi yakapotea kwenye vumbi, kisha Sajini Mchomvu akainua ufito, na msafara ukapita chini yake, Shaweji akiwa nyuma ya gari, mabega chini, anasukuma.

Jioni redio ya taifa ilitangaza kwamba Mheshimiwa Waziri wa Mishale ameibariki harusi ya mmoja wa wakaguzi wake hodari. Ilisema harusi ilifana. Ilisema bwana harusi alilia kwa furaha kiasi kwamba ilibidi ashikwe.